Mwongozo wa Kumhurumia Jirani kwa Vitendo: Kuanzia Hodi ya Kwanza hadi Siku ya Kurudi

Kila linaposomwa kanisani somo la Msamaria mwema, watu wawili watatu hunisubiri nje baada ya ibada wakiwa na maswali yale yale: nianzie wapi, nikifika niseme nini, ni lazima niwe na fedha, na je, nikimsaidia leo hatanizoea? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa na wafiwa hapa Dodoma, nami nimeona ni heri niyaandike mara moja, kwa ajili ya Mkristo wa kawaida wa dhehebu lolote, ambaye hana cheo kanisani wala akiba benki, lakini moyo wake unamsukuma na miguu yake haijui njia.

Sitaeleza hapa maana ya huruma. Anayeguswa na shida ya mwenzake anaijua tayari, na asiyeguswa hataipata kwa kusoma.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Utahitaji siku moja ya juma na saa isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi saa kumi jioni, kwa sababu huruma inayosubiri nafasi ipatikane haipati nafasi. Utahitaji mwenzako mmoja wa kwenda naye, daftari dogo la kuandika majina na tarehe, simu yenye salio, na kiasi cha fedha ulichokwisha kukitenga hata kabla ya kujua utakwenda kwa nani. Kuhusu kiasi hicho, Luka 10:35 inatusaidia: Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na Mathayo 20 inatuonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Alitoa, basi, ujira wa siku mbili, hakuuza punda wake. Anayepata shilingi elfu kumi kwa siku akitenga elfu mbili kila juma ameanza vizuri, na asiye na kitu aendelee kusoma, kwa maana hatua nyingi zilizo hapa chini hazigharimu chochote.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutaka kuhurumia mtaa mzima. Huorodhesha yatima, wajane, wazee na wafungwa, na baada ya mwezi hawajafika kwa yeyote. Chagua mtu mmoja ambaye shida yake imekwisha kupita mbele ya macho yako: muumini ambaye nafasi yake kwenye benchi imekuwa tupu Jumapili tatu, bibi anayeishi na wajukuu bila wazazi wao, au mpangaji wa chumba cha pili ambaye unamsikia akikohoa usiku kucha.

Huyo wa mwisho nawaomba wakazi wa Dodoma mumtazame sana. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, mji umejaa watu waliokuja kwa kazi, kwa masomo na kwa vibarua vya ujenzi, wakapanga Nkuhungu, Ilazo au Chang'ombe, wala hawana shangazi wala binamu katika mkoa huu wote. Mtu wa namna hiyo akiugua, ndugu yake wa karibu yuko mwendo wa siku nzima kwa basi, na jirani wa karibu ni wewe.

Hatua ya 2: Fahamu hali yake bila umbea

Muulize mtu mmoja anayemfahamu vizuri, kisha unyamaze. Usiulize katika kundi la simu la jumuiya, wala usitangaze jina lake katika maombi ya wazi kabla hajakuruhusu, kwa kuwa maombi mengi ya hadhara huwa ni habari za watu zilizofungwa kwa amina. Jambo unalohitaji kujua ni dogo tu: yuko wapi, anaweza kupokea wageni au la, na kuna jambo gani usilopaswa kulitaja mbele ya watoto.

Chunga pia ulimi wako kabla hujafika huko. Hapa kwetu kuna mzaha wa kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, nao husemwa hata kwenye vikao vya kanisa, watu wakacheka. Katika benchi la nyuma kuna mama ambaye mwanawe anatibiwa katika hospitali hiyo ya afya ya akili, naye alikuwa akifikiria kukueleza, na kwa kicheko hicho ameamua kwamba hatakueleza kamwe.

Hatua ya 3: Nenda, mkiwa wawili

Wawili wanatosha na watatu si vibaya, lakini kundi la watu wanane wenye sare huigeuza ziara kuwa mkutano, na mwenye nyumba huanza kuhangaika kuazima viti. Mwanamume asiende peke yake kwa mwanamke anayeishi peke yake, hata nia ikiwa safi kama maji ya chemchemi. Piga simu kwanza kama anayo, epuka saa za kula, na mkifika pigeni hodi na kusubiri kukaribishwa. Kwa mzee wa Kigogo, salamu ya "Mbukwenyi" hufungua mlango kuliko hotuba yoyote ya Kiswahili.

Kaa unapoonyeshwa. Ukipewa maji, kunywa. Ukikaribishwa ugali wa uwele kwa mlenda, nawa mikono ule, ijapokuwa tonge mbili tu. Wengi hukataa wakidhani wanamwonea huruma kwa kumwachia chakula chake kidogo, lakini mtu ambaye kila siku ni wa kupokea tu hupona kidogo anapopata nafasi ya kumkirimu mgeni.

Kama ni hospitali, fuata saa za kuona wagonjwa, muulize muuguzi kama mgonjwa anaruhusiwa kula, na usikae kitandani kwake. Kisha mtafute ndugu anayeuguza. Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya Rufaa ya Mkoa hupokea wagonjwa kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na hata Singida, na nyuma ya kila mmoja wao kuna dada au kaka anayelala juu ya khanga, hajaoga siku tatu, na simu yake imezimika chaji. Wageni wote humpita kwenda kumpa pole mgonjwa. Ukimchukua huyo akaoge nyumbani kwako, ukamchajia simu na kumwekea chakula chenye chumvi, umewahurumia wawili kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 4: Nyamaza, usikilize

Marafiki watatu wa Ayubu husemwa vibaya, lakini Ayubu 2:13 inasema waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapakuwa na mmoja wao aliyemwambia neno, maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu. Hadi hapo walikuwa wageni bora. Waliharibu walipoanza kueleza sababu za msiba wake.

Usimwambie mfiwa kwamba Mungu amempenda zaidi marehemu, wala usimwambie mama aliyepoteza mtoto kwamba atapata mwingine. Usimwambie mgonjwa kwamba angekuwa na imani angepona. Usianze na maneno "hata mimi nilipofiwa", kwa sababu kuanzia hapo ziara ni yako. Sema "pole sana", au useme kwa uaminifu kwamba huna la kusema na umekuja kukaa naye. Akilia, usimharakishe kunyamaza. Bwana mwenyewe alijua kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka kaburini, na bado Yohana 11:35 inaandika kwamba alilia machozi.

Hatua ya 5: Muulize anachohitaji

Nimeiweka hatua hii katikati kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayorukwa na wengi, nami niliiruka kwa miaka. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu barabarani Yeriko alijua anachohitaji, na hata hivyo Yesu alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Kama Yeye aliuliza, sisi tunapata wapi ujasiri wa kukisia?

Mwaka mmoja nilimpelekea mama mmoja kilo ishirini za sembe, nikarudi nyumbani nikijisikia mtu mwema. Baada ya muda ndipo nilipofahamu kwamba unga alikuwa nao, kwani wanawe walikuwa wakimtumia. Alichokikosa ni mtu wa kukaa na mama yake mzazi aliyepooza, walau saa nne kwa juma, ili yeye aende kliniki ya presha ambayo alikuwa ameiacha kwa miezi mitano. Mfuko wangu wa sembe ulikaa kwenye kona ukaingia wadudu, na kliniki aliendelea kuikosa, na muda wote huo mimi nilikuwa na Jumatano nzima isiyo na kazi.

Tatizo ni kwamba swali la jumla hupata jibu la jumla. Ukiuliza "Je, kuna shida yoyote?", utajibiwa "Hatujambo, tunamshukuru Mungu", na hilo ndilo jibu la heshima ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri atakupa. Uliza jambo mahususi ambalo kulikubali ni rahisi: "Kesho nakwenda soko la Majengo, nikuletee nini?" "Watoto wanarudi shuleni Jumatatu, nani anawapeleka?" "Nani anachota maji siku hizi mgongo ukiuma?" Taja mambo mawili au matatu ambayo kweli unaweza kuyafanya, umwache achague. Akichagua dogo kuliko ulivyotarajia, fanya hilo dogo, kwa maana huenda anakupima.

Hatua ya 6: Toa bila kumdhalilisha

Walawi 19:9-10 inamwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni, wala asiokote zabibu zilizopukutika, bali awaachie maskini na mgeni. Sisi wa Dodoma tunaolijua shamba la mizabibu tunaweza kuipata picha hiyo vizuri: maskini hasimami mlangoni akinyosha mkono, bali anaingia shambani na kikapu chake kama wavunaji wengine. Katika Ruthu 2:16 Boazi aliongeza ustadi, akawaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi, wala wasimkemee Ruthu. Utoaji wako ufanane na huo. Fedha iwe ndani ya bahasha, itolewe wakati wa kuaga, mbali na macho ya watoto na wageni. Deni la dukani lilipe dukani kwa Mangi, kimya kimya. Kama mtu ana nguvu na anataka kazi, mpe kazi ya kweli yenye ujira wa kweli.

Tazama pia majira. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ghala hupungua katika Januari, Februari na Machi, wakati mtama na uwele ungali shambani. Hiyo ndiyo miezi ya kuhemea, yaani kwenda kutafuta chakula kwingine. Wazee wa Ugogo wana jina la njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, Mtunya, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua chakula na mifugo. Ndiyo maana sipendi kabisa utani wa kwamba Mgogo ni mtu wa kuomba, hasa ukitoka kinywani mwa Mkristo. Debe moja la mtama mwezi Februari lina uzito kuliko magunia ya Krismasi, ambapo kila kikundi hutoa na kila kikundi hupiga picha.

Nikiwa nimetaja picha: usipige. Usiulize hata ruhusa, kwa sababu mtu aliyeshika unga wako mkononi hana uhuru wa kukukatalia. Mathayo 6:3 inataka hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, sembuse kundi la simu lenye watu mia mbili. Kama mhazini wa kanisa anataka uthibitisho, andikeni jina na kiasi kwenye daftari, mtie sahihi mliokwenda wawili.

Shida ikizidi uwezo wako, usiifiche. Mgonjwa asiyeweza kulipia matibabu apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kuchunguza hali ya mgonjwa kama huyo na kushughulikia msamaha wa gharama. Kaya yenye ufukara wa kudumu ifikishwe kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mkaulizie utaratibu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kumsindikiza mtu katika ofisi hizo, kukaa naye kwenye foleni na kumsaidia kujaza fomu ni huruma iliyo sawa na fedha, na mara nyingi huipita.

Hatua ya 7: Omba kwa ufupi

Omba ruhusa kwanza, taja shida yake kwa jina, na malizia kabla mgonjwa hajachoka. Dakika mbili zinatosha. Usihubiri ukiwa umefumba macho. Kama jirani ni Mwislamu, mwambie kwamba utamwombea ukiwa kwako, usifanye chakula kuwa chambo, na umtendee yote mengine sawasawa na muumini wako. Katika mfano wa Luka 10, yule aliyehurumia na yule aliyehurumiwa hawakuwa wa kundi moja. Na usiombe badala ya kutenda. Yakobo 2:16 inamcheka mtu anayesema "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" huku hajatoa kuni wala chakula.

Hatua ya 8: Taja siku ya kurudi, kisha urudi

Msamaria hakumaliza kwa kufunga majeraha. Alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba chochote kitakachozidi, "mimi nitakaporudi nitakulipa." Neno hilo, nitakaporudi, ndilo linalotushinda. Kwenda mara ya kwanza si vigumu, kwa kuwa huzuni ya mwenzako ni mpya na moyo wako bado una joto.

Basi kabla ya kuaga, taja siku: "Jumamosi ijayo saa kumi." Usiseme "tutakuja tena". Mkitoka nje, andika katika daftari jina, ulichoahidi na tarehe. Kwa mfiwa, hesabu kwa uangalifu zaidi. Siku za msiba nyumba hujaa, kuna turubai, kuna sufuria kubwa, rambirambi zinakusanywa, wala hakosekani wa kupika. Matanga yakiisha turubai linashushwa, ndugu wanapanda mabasi, na mjane anabaki na kiti kitupu. Andika wiki ya tatu, mwezi wa tatu, na siku ya kutimiza mwaka. Wiki ya tatu ndiyo usiikose hata ukiwa na mafua, kwa sababu ndipo ambapo mtu hushtuka kwamba simu imeacha kulia.

Ukishindwa kufika siku uliyoitaja, piga simu mapema uombe radhi. Mzee aliyekwisha kufagia uwanja na kutoa kiti nje tangu saa tisa anaumia zaidi kwa kukosa kukuona kuliko ambavyo angeumia kama usingeahidi.

Ukikwama

*Anakataa msaada.* Usimlazimishe na usinune. Endelea kumsalimu na umwombe yeye akusaidie jambo dogo, kama kukuazima jembe au kukufundisha kukausha mlenda. Mlango wa kupokea hufunguka kwa urahisi baada ya ule wa kutoa.

*Sasa ananipigia simu ya fedha kila siku.* Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, na aya ya 5 ya sura hiyo hiyo inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mwambie kwa upole na waziwazi kiasi unachoweza na siku unayokitoa, nawe usivunje mpaka wako mwenyewe, kwani ukiuvunja mara moja hautakuwa mpaka tena. Usimkopeshe fedha ambayo huwezi kuisamehe.

*Nimegundua kwamba mtoto au mama anapigwa.* Hapa usuluhishi wa sebuleni haufai. Kwa mtoto, piga namba 116, ambayo ni ya bure. Kwa mtu mzima, msindikize kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu. Usimwambie mtuhumiwa kwamba umepewa habari.

*Amesema hataki kuishi tena.* Mwamini. Usimkemee kwa aya za Biblia, usimwache peke yake hata usiku mmoja, ondoa sumu na dawa zilizo karibu, na mpeleke hospitali pamoja na ndugu yake siku hiyo hiyo.

*Ni mtu aliyenikosea.* Hulazimiki kujifanya rafiki yake. Umtume mwenzako afikishe bahasha bila kutaja jina lako, na umwombee. Wengine huishia hapo, na si haba.

*Nimechoka, hata simu yangu sitaki kuiona.* Wanafunzi walipokuwa hawapati hata nafasi ya kula, Yesu aliwaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Mkabidhi mwenzako daftari kwa mwezi mmoja, umjulishe mtu unayemtembelea kwamba mwenzako ndiye atakayefika, na ulale.

*Nimefika siku niliyoahidi, nikakuta chumba kitupu, amehama.* Hili hutokea sana katika nyumba za kupanga, kodi inapopanda au kibarua kinapoisha. Muulize mwenye nyumba namba yake, mpigie, umwulize tu kama amefika salama na kama huko alikohamia kuna kanisa au jirani anayemfahamu. Namba isipopatikana, andika tarehe hiyo mbele ya jina lake, acha namba yako kwa mwenye nyumba, na kabla hujaondoka uliza ni nani anayehamia katika chumba kile.